Jengo la ghorofa 9 Isamilo: tanki liko juu ya paa, lakini ghorofa za juu hazina presha ya maji. Tununue pampu?

KatibuKamati

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa mafundi na wahandisi kabla kamati ya wakazi haijatoa hela.

Jengo liko Isamilo, Mwanza. Chini ni maduka, juu kuna ghorofa 9 zenye nyumba 4 kila moja, jumla nyumba 36. Sakafu hadi sakafu ni mita 3. Maji ya mamlaka yanaingia kwenye tanki la zege lililozikwa ardhini, lita 40,000. Pampu inayapandisha kwenye matanki manne ya plastiki ya lita 5,000 kila moja, yaliyokaa juu ya paa kwenye stendi ya mita 1.5. Kutoka hapo yanashuka kwa mserereko kupitia bomba moja la PPR 40 (plastiki ngumu inayounganishwa kwa moto). Bomba hilo linatembea mita 12 hivi juu ya paa, lina elbo tano na geti valvu moja, ndipo linaingia kwenye dakti (njia ya mabomba ndani ya jengo) na kugawia nyumba zote.

Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2, na tena saa 1 hadi saa 3 usiku, ghorofa ya 8 na ya 9 wanapata maji kama uzi na hita ya shawa haiwaki. Saa 8 mchana yanatoka vizuri kiasi. Ghorofa za chini hawana shida ya maji, ila mabomba yanagonga ukutani na koki zinatema hewa.

Mezani kuna mapendekezo matatu: kuongeza stendi mita 1, kuongeza tanki la lita 10,000, au kila nyumba ya juu inunue pampu yake ndogo. Mkazi mmoja wa ghorofa ya 8 ameshafunga ya kwake. Lipi linafaa?

---

BombaPPR

Mkuu, msinunue kitu bado. Maelezo yako yana jibu ndani yake, ila lazima lipimwe.

Anza na urefu. Mita 10 za maji kwenda juu ni karibu bar 1 ya presha, kwa hiyo kila ghorofa ya mita 3 ni bar 0.3. Ujazo wa tanki hauingii kabisa kwenye hesabu hii. Lita 500 na lita 50,000 zikiwa kwenye kimo kimoja zinatoa presha ileile. Hapo pendekezo la tanki la lita 10,000 limekwisha. Isitoshe ni tani 10 za mzigo mpya juu ya zege ambalo pengine halikupigiwa hesabu hiyo.

Sasa jengo lenu. Paa liko mita 30, kitako cha tanki mita 31.5. Kichwa cha shawa huwa mita 2.1 kutoka sakafuni. Tanki likiwa karibu kuisha, na koki zote zimefungwa, mnapata hivi:

Ghorofa ya 9: mita 2.4, yaani bar 0.24
Ghorofa ya 8: mita 5.4, bar 0.53
Ghorofa ya 7: mita 8.4, bar 0.82
Ghorofa ya 6: mita 11.4, bar 1.1
Koki ya dukani, mita 1 kutoka sakafuni: mita 30.5, bar 3

Stendi ikipanda mita 1, kila mmoja anaongezewa bar 0.1 tu. Kwa ghorofa ya 9 si haba, lakini hailipi gharama ya chuma na kunyanyua matanki manne.

Hiyo ni presha ya maji yaliyosimama. Yakianza kutembea yanasuguana na bomba, na hapo ndipo penye ugonjwa wenu. PPR hupimwa kwa kipenyo cha nje. PPR 40 ya PN20 (daraja lake la presha) ina ukuta wa milimita 6.7, kwa hiyo tundu lake ni milimita 26.6 tu. Wengi huliweka mahali pa bomba la chuma la inchi moja na robo wakidhani ni saizi moja, kumbe la chuma lina tundu la milimita 36 hivi.

Nyumba 36 zikiamka pamoja, chukulia lita 1.5 kwa sekunde. Kwenye tundu la 26.6 mnapoteza karibu mita 2.7 za presha kwa kila mita 10 za bomba. Mita 12 za juu ya paa peke yake zinameza mita 3.3. Rudi uangalie ghorofa ya 9 ina nini: mita 2.4. Presha imekwisha kabla maji hayajaingia kwenye dakti!

Maji yanayooga watu wa ghorofa ya 1 hadi ya 6 yote yanapita kwenye kipande hicho cha paa. Wa chini hawaoni hasara kwa sababu kila ghorofa wanayoshuka inawarudishia mita 3. Wa juu hawana pa kurudishiwa. Kiu ya ghorofa ya 9 inatengenezwa na bomba la juu ya paa, wala si tanki.

---

Mita_za_Maji

Naongezea kipimo, maana geji ya kawaida ya bar 0 hadi 10 haifai hapa. Sindano yake haitikisiki kwenye bar 0.2.

Tafuta mpira mwembamba unaoona ndani, mita 7. Ufunge kwa klipu kwenye koki ya sinki ghorofa ya 9, utoe dirishani, ncha ya juu uifunge ikiwa wazi kwenye mti uliosimamishwa ukingoni mwa paa, ipite usawa wa maji ya tanki. Fungua koki. Maji yatapanda kwenye mpira na kusimama usawa uleule wa maji ya tanki. Pima kwa tepu kutoka kwenye koki hadi pale yaliposimama. Rudia saa 12 na nusu asubuhi bila kugusa kitu. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo presha inayoliwa njiani, imeandikwa kwa mita mbele ya macho yako.

Vikitofautiana kidogo, sababu ni kimo, na pampu inahitajika. Vikitofautiana sana, sababu ni njia: bomba jembamba, geti valvu iliyofunguka nusu, uchafu au hewa.

Kuna jambo la afya pia. Presha ya juu ikishuka chini ya sifuri, koki ya ghorofa ya 9 haitoi maji, inavuta. Weka kipande cha karatasi laini mdomoni mwa koki iliyofunguliwa saa ya msongamano, utaona kinanyonywa. Kama mtu ameacha mpira ndani ya ndoo ya kufulia, maji ya sabuni yanapanda na kuingia kwenye bomba la jengo zima. Na hewa hiyohiyo ndiyo inayotemwa na koki za chini.

Ile pampu ya ghorofa ya 8 izimwe leo. Inanyonya kwenye bomba la pamoja ambalo tayari halina kitu, na anayenyimwa ni jirani wa juu yake. Zikifungwa nane za namna hiyo zitakuwa zinanyang'anyana maji yaleyale.

---

KatibuKamati

Asanteni sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza.

Saa 8 mchana: maji yamesimama mita 4.6 juu ya koki ya ghorofa ya 9.
Saa 12 na dakika 40 asubuhi: mita 0.3, yakapanda kidogo, kisha yakamezwa yote na mpira ukawa mtupu.
Dakika kumi baadaye, pampu ya ghorofa ya 8 ikiwa imezimwa: mita 0.9.

Geti valvu ya juu ya paa tumeizungusha, iko wazi yote. Je, sasa tubadilishe bomba lote hadi chini?

---

BombaPPR

Hapana, dada au kaka, hapo ndipo mtaokoa hela. Umepoteza mita 4.3. Mita 3.3 ni bomba, iliyobaki ni elbo na valvu. Inalingana.

Bomba la zamani la 40 liacheni libaki na ghorofa ya 1 hadi ya 6 na maduka. Likibeba lita 1.2 kwa sekunde, shawa ya ghorofa ya 6 bado itabaki na bar 0.6 hivi hata tanki likiwa chini, na walio chini yao watapata zaidi. Kisha vutieni ghorofa ya 7, 8 na 9 bomba lao jipya kutoka kwenye matanki. Ni mita 12 za paa na kama mita 10 za dakti, basi. Kwenye dakti mnahamishia ghorofa hizo tatu kwenye bomba jipya na kuziba tii (viungo vya matawi) zao kwenye la zamani, ili la zamani lipite moja kwa moja hadi ghorofa ya 6.

Kwa bomba jipya chukueni 63 ya PN20, tundu milimita 42. Hata kwa lita 1.5 kwa sekunde linapoteza mita 0.3 kwa kila mita 10, mara tisa pungufu ya la 40.

Mambo ya kusimamia fundi akiwa juu:

Matoleo ya matanki manne yaunganishwe kwenye bomba moja nene la 63 lililolala, kila tanki na geti valvu na yunioni yake, ili moja lioshwe mengine yakiendelea. Bomba jipya na la zamani yachomoke hapo, kila moja na valvu yake. Msichomoe jipya katikati ya la zamani, mtakuwa mmerudi mlikotoka.

Mara tu baada ya kila valvu, simamisheni kibomba cha 25 kilicho wazi juu, kipite usawa wa maji ya tanki likijaa kwa nusu mita, mdomo umekunjwa chini. Hicho ndicho kinatoa hewa na kuzuia bomba kunyonya.

Bomba la paa lisiwe na mgongo katikati. Literemke kidogo kuelekea kwenye dakti, vishikizo kila mita moja. Mgongo ukikaa hewa, tundu la 42 linageuka kuwa la 20.

Kuchoma viungo: mashine nyuzi 260, bomba la 63 lishike moto sekunde 24, la 50 sekunde 18, la 20 sekunde 5. Fundi achore alama ya kina kwa penseli kabla. Akizidisha muda au akisukuma kupita alama, plastiki inajikunja ndani na kuziba tundu kama kola. Kwa nje kiungo kinaonekana kizuri, kwa ndani kimefunga nusu. Mwambieni achome kimoja cha mfano, mkikate kwa msumeno mbele yake.

Na PPR haipendi jua. Juu ya paa la Mwanza lifunikwe, ama kwa sponji ya bomba yenye foili ama lipitishwe ndani ya bomba kubwa la PVC. Likiachwa wazi linapauka, linakuwa kavu, halafu linapasuka kwenye kiungo.

---

UmemeNaPampu

Nakubaliana na bomba, lakini sikubaliani kwamba kazi inaishia hapo. Baada ya hayo yote ghorofa ya 9 itakuwa na bar 0.2 tanki likiwa chini. Ndoo itajaa. Shawa ya kuchanganya moto na baridi itabaki dhaifu, na hita ya papo hapo ina kiwango cha chini cha presha kilichoandikwa kwenye kibandiko chake. Kisomeni. Chini ya hapo swichi ya ndani haifungi, hata maji yakionekana yanatoka.

Kwa hiyo pampu moja ya pamoja, juu ya paa, kwa ghorofa tatu tu. Nyumba 12 chukulia lita 1.2 kwa sekunde, karibu mita za ujazo 4.3 kwa saa. Tafuteni inayotoa kiasi hicho ikiwa inasukuma mita 15 hadi 20, na ikizibwa kabisa ifike mita 28 au 30. Mota ya kilowati 0.75 inatosha. Kubwa zaidi ni kelele na bili.

Presha swichi iwake kwenye bar 1.4, izime bar 2.4. Mkiweka ya kuzima juu kuliko uwezo wa pampu, haitazima kamwe, itasaga maji yaleyale hadi yachemke na sili iungue.

Tanki la presha liwe la lita 100. Upepo wa ndani ujazwe bar 1.2, yaani bar 0.2 chini ya kuwaka, na ujazwe pampu ikiwa imezimwa na maji yametolewa yote. Ukipima maji yakiwa ndani unasoma presha ya maji, si ya upepo. Kwa mpangilio huu linatoa lita 27 hivi kabla pampu haijawaka. La lita 24 litatoa lita 6, yaani pampu inawaka na kuzima mara tatu kwa ndoo moja. Mkisikia pampu imeanza kuwaka na kuzima haraka, bonyezeni valvu ya upepo: yakitoka maji, puto la ndani limepasuka.

Bomba la kupita pembeni ya pampu ni lazima, likiwa na valvu ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika, maji yanashuka kwa mserereko kama kawaida. Bila hiyo valvu, pampu itazungusha maji yake yenyewe.

Sasa pampu ya chini, kwa sababu nayo nimeiona kwenye maelezo. Kutoka kitako cha tanki la ardhini hadi mdomo wa tanki la juu ni mita 36 hivi. Pamoja na msuguano, hesabu mita 40. Kujaza lita 20,000 kwa saa 4 ni mita za ujazo 5 kwa saa, mota ya kilowati 1.5. Boya la umeme liwe juu la kuwasha na kuzima, na chini la kuzuia pampu kukimbia kavu.

Angalieni inavyovuta. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Isamilo ni juu zaidi. Hewa ya hapa inabeba maji mita 9 tu, wakati pwani inabeba zaidi ya mita 10. Pampu iliyoandikwa inavuta mita 8, hapa msiihesabie zaidi ya 6, ukitoa na msuguano ni pungufu. Ikizidiwa inatoa sauti kama inasaga kokoto, na panga zake zinaliwa vishimo vishimo. Dawa ni kuishusha iwe karibu na maji au chini ya usawa wake, na bomba la kuvutia liwe nene kuliko la kutolea.

---

Ghorofa16

Samahani kuingilia. Jengo la chini na ghorofa 16, tanki juu ya paa, wa chini wanalalamika boya za vyoo zinapasuka. Hesabu ni hizohizo?

---

Mita_za_Maji

Ni hizohizo, upande wa pili. Koki yako ya chini ina zaidi ya mita 50, yaani bar 5, na huo ndio mpaka ambao vifaa vingi vya nyumbani huanza kulalamika. Ligawe jengo kanda mbili, ya chini ipite kwenye valvu ya kupunguza presha iliyorekebishwa ili koki ya chini kabisa ipate bar 3. Kabla ya valvu weka chujio, na geji pande zote mbili.

Ipime usiku wa manane, watu wamelala. Mchana hata mbovu huonekana nzima kwa sababu maji yanatembea. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye kiti cha valvu, maji yanapenya polepole usiku, na alfajiri geji ya baada ya valvu inasoma sawa na ya kabla yake. Boya zinapasuka wakati huo.

---

KatibuKamati

Na kugonga kwa mabomba ghorofa za chini? Bar 3 si nyingi kama nimeelewa.

---

BombaPPR

Umeelewa. Bar 3 haigongi. Kinachogonga ni maji yanayosimamishwa ghafla. Kwenye bomba la chuma, maji ya mwendo wa mita 1 kwa sekunde yakikatwa papo hapo yanapiga zaidi ya bar 12 juu ya presha iliyokuwepo. PPR inanyumbuka, inapiga kidogo, lakini bado inatikisa bomba lisiloshikwa. Kwanza tenganisheni bomba la juu, hewa ikome kuingia, maana sehemu ya kelele hiyo ni hewa. Ikibaki, tafuteni boya za vyoo zinazotetemeka zikikaribia kujaa, badilisheni washa. Halafu punguzeni stopkoki ya kuingilia kila nyumba ya ghorofa ya 1 hadi ya 3 hadi ndoo ya lita 20 ijae kwa dakika moja na nusu hivi. Hapo mwendo umepungua, na wa juu yao nao wananufaika.

Mkiwa juu ya paa, angalieni pia mdomo wa bomba la kumwagia ziada na tundu la hewa la kila tanki. Funikeni kwa wavu wa nailoni wenye macho madogo sana. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakiingia kwenye tanki wanakufa, wanalowa na kujazana kwenye vichujio vya midomo ya koki na vya hita. Vifungueni vichujio vya ghorofa ya 8 na 9 sasa hivi, vioshwe kwa mswaki kabla ya kupima tena, msije mkalaumu bomba jipya kwa kosa la kichujio.

---

KatibuKamati

Tumefungua kimoja cha ghorofa ya 9. Kimejaa mchanga mwekundu na mabaki ya wadudu. Kesho tunafungua vyote nane, kisha tunarudia kipimo cha mpira saa 12 na dakika 40, pampu ya ghorofa ya 8 ikiwa imezimwa.

---

Mita_za_Maji

Sawa, ila kichujio hakitabadilisha usomaji wa mpira, kwa sababu ndani ya mpira maji yamesimama na kichujio kinazuia yanayotembea tu. Kwa kichujio tumia ndoo na saa: andika sekunde za kujaza lita 10 kabla ya kuosha na baada ya kuosha, saa ileile ya siku.